Gango la Chuma: Jinsi Mguu wa Mbwa Unavyoungwa

Mhadhara huu unaanzia kwenye kochi. Mbwa mdogo wa aina ya Yorkshire Terrier, uzito wake kilo mbili na nusu, amesikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Anaruka chini kumlaki mwenye nyumba, analia kilio kimoja kikali, kisha anabaki amesimama na mguu wa mbele ukining'inia. Hakugongwa na gari wala hakung'atwa na mbwa mwenzake. Ameruka kimo kisichofika kiuno cha mtu mzima. Mifupa miwili ya kigasha, rediasi na alna, imekatika pamoja karibu na kifundo, mahali ambapo rediasi yenyewe ni nyembamba kuliko penseli.

Kinachofuata madaktari wa wanyama wamekiona mara nyingi. Mguu unafungwa hogo, kama ambavyo angefungwa mtoto aliyeanguka mwembeni. Mtoto angepona. Mbwa huyu, hogo likifunguliwa baada ya majuma kadhaa, mguu unapinda palepale ulipovunjika. Eksirei inaonyesha ncha mbili zilizokonda na kuchongoka, kila moja imejifunga upande wake, kana kwamba hazikuwahi kuwa mfupa mmoja.

Kosa si la aliyefunga hogo peke yake. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mishipa ya damu iliyo ndani ya rediasi, wakilinganisha mbwa wa aina ndogo na wa aina kubwa. Waligundua kwamba sehemu ya chini ya rediasi ya mbwa wadogo, hapohapo panapovunjika zaidi, ina mishipa michache kuliko ya wenzao wakubwa. Tena mahali hapo hapana nyama. Ni ngozi, kano na mfupa, basi. Na mfupa uliovunjika huomba damu ya mwanzo kutoka kwenye nyama iliyouzunguka. Ukiongeza kwamba hogo kwenye mguu mwembamba hivyo hulegea uvimbe unapopungua, unapata kitendawili ambacho wanafunzi wa upasuaji hukutana nacho mapema: mbwa mdogo kuliko wote, mwenye mfupa mwepesi kuliko wote, ndiye anayehitaji chuma kuliko wote.

Chuma hicho watu hukiita kwa majina mengi. Mgonjwa akitoka hospitali husema amewekewa vyuma. Fundi angekiita bamba, kwa kuwa ni ubapa mrefu wenye matundu ya kupitishia skrubu. Lakini Kiswahili kilikuwa na neno kabla ya bamba lenyewe kubuniwa. Kuganga ni kutibu, na pia ni kuunga kilichovunjika au kilichopasuka; gango ni kipande kinachoshikilia pande mbili zisiachane, uwe mtumbwi uliopasuka au mfupa. Waunga mifupa wa mwambao na wa bara walitumia mabanzi ya mwanzi au fito, wakayafunga kwa vitambaa, na kwa mifupa mingi walifaulu. Tofauti ya gango la mwanzi na gango la chuma ni kwamba la kwanza hukaa nje ya ngozi, la pili hugusa mfupa.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Ili banzi au hogo lifanye kazi, ni lazima lizuie kiungo kilicho juu ya mvunjiko na kilicho chini yake. Muundi ukivunjika, goti na kifundo vinafungika. Paja likivunjika je? Kiungo cha juu yake ni nyonga, na nyonga ya mbwa imezama ndani ya nyama za kiuno. Hogo la kawaida haliwezi kuizunguka na kuituliza. Banzi lililofungwa pajani huishia karibu na mvunjiko wenyewe, likageuka uzito unaoning'inia na kuutikisa mfupa kila mbwa anapojigeuza. Kwa mtoto wa mbwa hatari ni mbaya zaidi. Akifungwa mguu ukiwa umenyooka, misuli ya mbele ya paja hushikamana na mfupa unaopona, na baada ya majuma machache goti halikunjiki tena. Mfupa umeunga, mguu umekuwa mkongojo. Wapo waliolazimika kukatwa mguu ambao kwenye eksirei ulionekana umepona vizuri kabisa.

Historia ya bamba imejaa chuma kilichoshindwa. Mwaka 1886 Carl Hansmann wa Hamburg, Ujerumani, alieleza bamba la kuunga mifupa ya binadamu. Mwisho wa bamba na shingo za skrubu alivitokeza nje ya ngozi ili baadaye avitoe bila kupasua tena. Arbuthnot Lane wa London alifunika kila kitu ndani na akasisitiza kwamba mkono wa daktari usiguse jeraha, vyombo tu ndivyo viguse. Usafi wake ulimfikisha mbali, lakini chuma chake kilishika kutu ndani ya mwili. William Sherman wa Marekani akajaribu chuma chenye vanadi mwaka 1912. Leo bamba nyingi ni za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L, chenye kromi, nikeli na molibdeni, na kaboni isiyozidi asilimia 0.03, nyingine ni za titani.

Kutu ilipopatiwa dawa, likabaki swali gumu zaidi: mfupa ukibanwa na chuma usicheze kabisa, unaungaje? Vitabu vilisema mfupa huunga kwa kujenga uvimbe wa kovu, kwanza laini, kisha wa gegedu, kisha mgumu. Robert Danis wa Brussels, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alidai kwamba ncha zikikutanishwa sawasawa na kubanwa, mfupa huunga moja kwa moja bila uvimbe huo. Mpasuaji kijana wa Kiswisi, Maurice Müller, alikwenda kumwona mwaka 1950, akarudi kwao ameshawishika. Tarehe 6 Novemba 1958, katika mji wa Biel, yeye na wenzake, jumla yao 13, walianzisha chama cha kuchunguza uungaji wa mifupa kwa vyuma. Chama hicho hujulikana duniani kote kwa herufi mbili tu, AO.

Wapinzani wao hawakuwa wachache. Walitaka ushahidi, na ushahidi ukatoka kwenye mguu wa mbwa. Mwaka 1963 Robert Schenk na Hans Willenegger walichapisha picha za hadubini za mfupa wa mbwa uliokatwa kwa msumeno, ukabanwa kwa bamba, kisha ukachunguzwa. Palionekana vijia vidogo vya seli vikitoboa kutoka upande mmoja wa mkato hadi wa pili, nyuma yake vikiacha mfupa mpya, bila gegedu na bila uvimbe. Danis alikuwa amesema kweli. Kila mtu anayetembea leo na bamba mkononi au mguuni, awe Zürich au Zanzibar, anatembea juu ya elimu iliyothibitishwa kwenye mbwa. Mbwa wale hawakuulizwa. Ni haki kulitaja jambo hilo waziwazi katika mhadhara unaohusu kuwatibu wenzao. Tawi la wanyama la AO liliundwa mwaka 1969, miaka sita baada ya picha zile. Tangu hapo elimu ikaanza kurudi kwa mwenyewe.

Jinsi elimu hiyo inavyofanya kazi ni afadhali ionekane kwa mfano wa mbwa mkubwa. Tuseme ni mbwa wa kilo 25 aliyegongwa na bodaboda, paja limevunjika katikati. Saa za kwanza hakuna anayegusa paja. Kifua kinapimwa, maana pigo lililovunja mfupa mnene kiasi hicho huenda limepasua pafu, kibofu kinachunguzwa, maumivu yanatulizwa. Mfupa unaweza kusubiri siku moja au mbili. Pafu halisubiri.

Siku ya operesheni mbwa anawekwa nusukaputi, mguu unanyolewa kutoka kiunoni hadi chini ya goti, na dawa ya kuua bakteria, mara nyingi sefazolini, inaingizwa kwenye mshipa kabla kisu hakijagusa ngozi. Mkato hupita upande wa nje wa paja. Chini ya ngozi kuna utando mweupe mgumu; ukichanwa, msuli wa nyuma unavutwa nyuma, wa mbele unavutwa mbele, na mfupa unaonekana bila msuli hata mmoja kukatwa. Mwanafunzi anayeona hivyo mara ya kwanza hushangaa jinsi mwili ulivyoacha njia. Hukoma kushangaa anapotakiwa kuzirudisha ncha mahali pake: misuli imejikaza, ncha zimepandana, na zinahitaji kunyanyuliwa na kukandamizwa polepole, kama mtu anayejaribu kufunga sanduku lililojaa kupita kiasi.

Bamba hulazwa upande wa nje wa paja, na si kwa sababu ndiko kunakofikika tu. Uzito wa mwili hutua kwenye kichwa cha mfupa kilichojitokeza upande wa ndani, kwa hiyo mfupa hujipinda kidogo: upande wa ndani unabanwa, wa nje unavutwa. Chuma chembamba huvumilia kuvutwa kuliko kupindwa, basi kinawekwa kule kunakovutwa. Kwa mbwa wa ukubwa huu huchaguliwa mfumo wa skrubu za milimita 3.5, uleule unaotumika kwa kigasha cha mtu mzima. Yorkshire Terrier wetu atapewa bamba la skrubu za milimita 1.5 au 2, ambalo katika hospitali ya binadamu lingewekwa kidoleni.

Tundu hutobolewa kwa ncha ya milimita 2.5, maji ya chumvi yakimwagiwa muda wote, kwa kuwa joto la nyuzi 47 likikaa dakika moja tu linatosha kuua seli za mfupa, na skrubu iliyoshikwa na mfupa mfu hulegea. Kina kinapimwa, njia ya nyuzi za skrubu inachongwa, skrubu inaingia. Angalau tatu kila upande wa mvunjiko, kila moja ikishika kuta zote mbili za mfupa. Matundu ya bamba si ya duara. Ni marefu kidogo na yana mteremko, hivi kwamba kichwa cha skrubu kikikazwa huteleza kuelekea katikati na kusukuma ncha mbili zikumbatiane. Ubunifu huo mdogo wa mteremko ulitoka Uswisi mwaka 1969, na kwa muda mrefu hakuna bamba lililoweza kuupita.

Kazi ikiisha, kinachoanza ni mashindano ya mbio kati ya mfupa na chuma. Watoto waliotengeneza magari ya waya wanaijua siri yake: waya haukatiki kwa kuvutwa, hukatika kwa kupindwa huku na huku mahali pamoja. Bamba nalo hupindika kidogo kila mbwa akikanyaga. Mfupa ukiwahi kuunga, unachukua mzigo na chuma kinapumzika. Ukichelewa, chuma huchoka, hupata ufa usioonekana, na siku moja hukatika, kwa kawaida kwenye tundu lililoachwa wazi juu ya mvunjiko. Ndiyo maana unene una thamani kubwa: ukiongeza unene wa bamba mara mbili, ugumu wake wa kupindika unaongezeka mara nane. Na ndiyo maana pia mwaka 1997 Don Hulse na wenzake wa Marekani walipima bamba lililosaidiwa na fimbo ya chuma iliyopitishwa ndani ya uwazi wa uboho. Fimbo ikijaza nusu ya uwazi huo, kupindika kwa bamba kulipungua takriban kwa nusu, na umri wake kabla ya kuchoka uliongezeka mara kumi hivi.

Katika mbio hizo madaktari wa kizazi cha kwanza walifanya kosa ambalo lilitokana na ufundi wao mzuri. Mfupa ukiwa vipande kumi, waliokota vyote kumi, wakavisafisha, wakavipanga kama vigae vya chungu, wakavikaza kwa skrubu na waya. Eksirei ilipendeza. Lakini kila kipande kilichookotwa kilitenganishwa na nyama iliyokuwa ikikilisha, na chuma kilibaki kinasubiri mfupa uliokufa.

Aliyeeleza kwa hesabu kwa nini vipande viachwe ni Stephan Perren wa Davos. Mfupa mpya hauvumilii kuvutwa zaidi ya asilimia 2 ya urefu wake. Gegedu huvumilia asilimia 10. Tishu changa ya mwanzo huvumilia hata asilimia 100. Ufa wa milimita 1 ukichezacheza zaidi ya sehemu mbili za mia za milimita, mfupa hautajengeka hapo. Sasa chukua mvunjiko wa vipande vingi wenye nafasi ya milimita 10. Mchezo uleule unagawanywa kwenye nyufa nyingi, kila ufa unapata kidogo, na mfupa unajengeka. Hivyo ufa mmoja mwembamba sharti ubanwe kabisa, lakini rundo la vipande laweza kuachwa lilivyo, bamba likivuka juu yake kama daraja, urefu na mwelekeo wa mguu vikiwa vimerudishwa. Tangu miaka ya 1990 wapasuaji wengi wa mbwa hufungua jeraha wakaangalia bila kugusa, au hupasua midomo miwili tu, juu na chini, wakalipitisha bamba chini ya nyama. Bamba za kisasa ambazo kichwa cha skrubu hujifunga kwenye bamba lenyewe zimerahisisha jambo hilo, kwani hazihitaji kuukandamiza mfupa ili zishike. Kwa daktari mwenye mikono myepesi, kuacha kuokota ni nidhamu ngumu kuliko kuokota.

Elimu hii haijatiririka upande mmoja. Katika miaka ya 1930 daktari wa wanyama wa Marekani, Otto Stader, aliboresha kwa ajili ya mbwa kifaa cha misumari inayopenya ngozi na kuunganishwa na chuma kwa nje. Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, lakini chake kilikuwa chepesi na kilimruhusu daktari kuunyoosha mfupa baada ya kukifunga. Wapasuaji wa hospitali ya Bellevue, New York, wakakichukua kwa wagonjwa wao, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la majini la Marekani likakitumia kwa mabaharia. Mgonjwa wa Dar es Salaam anayeambiwa na jirani zake kwamba amewekewa antena ana ndugu yake wa mbali katika kliniki ya mbwa ya Stader.

Mfano wa pili uko jirani zaidi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, kekee za kitabibu zilikuwa adimu, nazo huuzwa kwa bei ya kutisha. Wahandisi waliotoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, wakishirikiana na wapasuaji waliofanya kazi Mulago, wakatengeneza mfuko unaosafishwa kwa mvuke wa kuivalisha kekee ya kawaida ya fundi, ikaweza kutoboa mfupa bila kuchafua jeraha. Kampuni iliyozaliwa kutokana na kazi hiyo ikaanza kuuza mifuko hiyohiyo kwa madaktari wa wanyama wa Marekani ya Kaskazini.

Hapa kwetu mtu anaweza kuuliza, na Pwani swali litaulizwa zaidi: yote haya kwa mbwa? Vyuo vya Morogoro, Kabete na Makerere vimewafunza madaktari wake kwa kulenga zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku, na hakuna ubaya. Ng'ombe ndiye alipaye ada ya watoto. Hata hivyo mbwa wa kunusa pembe za ndovu bandarini Mombasa, au mbwa wa polisi aliyefunzwa kwa miezi mingi, hapatikani sokoni kesho asubuhi. Na mwenye mbwa wa kulinda boma ana haki ya kuelezwa njia zote, pamoja na ile ya kukata mguu. Mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na 40 kwa ya nyuma. Aliyepoteza mguu wa nyuma hukimbia vizuri, na wa mbele huhitaji muda kidogo zaidi. Kukata mguu kwa sababu fedha haitoshi si aibu. Aibu ni kumfunga paja kwa mabanzi huku daktari anajua hayatasaidia, ili ionekane kuna jambo limefanyika.

Aliyewekewa bamba hurudi nyumbani akiwa na tatizo jipya: anajisikia vizuri mapema mno. Siku chache tu baadaye anaanza kukanyaga, baada ya majuma mawili anataka kukimbiza kuku, ilhali mfupa wa mbwa mzima unahitaji majuma nane hadi kumi na mawili, mara nyingine zaidi. Mtoto wa miezi mitatu anaweza kuunga kwa majuma manne. Muda wote huo mbwa akae kwenye banda dogo au chumba, atoke kwa kamba kujisaidia tu, kisha arudi kupigwa eksirei kabla ya kufunguliwa. Bamba nyingi huachwa mwilini maisha yote. Hutolewa zikipata usaha, zikilegea, au pale zinapokaa chini ya ngozi tupu ya kigasha au muundi na mbwa anachechemea kila baridi inapoingia, kwa kuwa chuma hupoa haraka kuliko nyama. Kwa Yorkshire Terrier kuna tahadhari moja: rediasi iliyolindwa na bamba gumu hukonda chini yake, na bamba likitolewa lote kwa mara moja mfupa unaweza kuvunjika upya. Wengine hutoa skrubu chache kwanza, wakauacha mfupa uzoee mzigo.

Kwa hiyo msomaji ambaye mbwa wake atagongwa barabarani usiku wa leo afanye haya. Amfunge mdomo kwa kitambaa, isipokuwa akiwa anatapika au anahema kwa shida, maana hata mbwa mpole hung'ata akiumia. Amsogeze juu ya ubao au mlango wa kabati. Jeraha lililo wazi alifunike kwa kitambaa safi. Asifunge kijiti pajani, na asimpe ibuprofeni aliyoandikiwa mtu, kwa sababu huunguza tumbo la mbwa na kuua figo zake. Asimpe chakula njiani pia. Huenda akahitaji nusukaputi muda mfupi baada ya kufika kwa daktari wa wanyama.